Wingi wa Dawa na Haki ya Mkongwe

Wahenga walisema kuwa utu uzima ni dawa. Walikusudia kuwa mtu aliyeishi miaka mingi hutibu kwa shauri lake ugomvi, pupa na ujinga wa wale waliozaliwa nyuma yake. Katika zama zetu methali hii imepata maana ya pili ambayo wahenga hawakuifikiri. Utu uzima umekuwa dawa kwa hesabu: dawa ya asubuhi, dawa ya adhuhuri na dawa ya usiku, hata mkongwe akiulizwa hali yake huonyesha vidonge vyake kabla ya kutaja maumivu yake. Insha hii yakusudia kuuliza swali moja. Mkongwe akisha kupewa dawa nyingi, kila moja kwa nia njema, ni nani mwenye wajibu wa kumpunguzia? Na ndani ya swali hilo limo jingine lililo zito zaidi: kupunguza huko ni huruma, au ni njia ya adabu ya kumtupa?

Swali hili laweza kuulizwa katika mji wowote duniani. Liliulizwa Marekani mwaka 1991, wakati tabibu Mark Beers na wenzake walipotoa orodha ya dawa ambazo haifai kuwapa wazee. Liliulizwa Ireland, ambako orodha nyingine ya namna hiyo ilitolewa mwaka 2008. Shirika la Afya Duniani nalo liliyataka mataifa mwaka 2017 yapunguze madhara yatokanayo na dawa zenyewe, likataja wingi wa dawa kwa mgonjwa mmoja kuwa ni jambo moja katika matatu ya kushughulikiwa kwanza. Wataalamu wengi huanza kuuhesabu wingi huo pale mgonjwa anapotumia dawa 5 au zaidi. Lakini mimi napenda kulitazama swali hili kutoka nyanda za juu za Kigoma, katika nchi ya Waha, hasa Kasulu na Kibondo, kwa sababu ni mahali ambapo msomaji angedhani halina nafasi. Katika mashamba ya mihogo, maharage na migomba, kilio cha watu ni kwamba dawa hazipatikani; nani basi atalia kuwa zimezidi? Dhana hiyo ndiyo inayolificha jambo lenyewe.

Na tuanze kwa kumjua mkongwe tunayemzungumzia. Mtu aliyetimiza miaka 90 mwaka 2025 alizaliwa mwaka 1935. Katika miaka hiyo ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha, na hasa wa upande wa Kibondo, ikawakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Ujana wake ulipita wakati ambapo vijana wa Kiha walikwenda kwa wingi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Alipokuwa mtu mzima ilimkuta Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Katika maisha ya namna hiyo mtu hujifunza mapema kuwa mwenye kalamu husema na asiye na kalamu hutii. Yamkini mengi aliyoamriwa yalikuwa kwa faida yake. Lakini mazoea ya kutii hayachagui amri njema na amri mbaya. Mtu huyu, aketipo mbele ya tabibu aliye na umri wa mjukuu wake, hupokea vidonge kama alivyopokea amri zote: kwa mikono miwili na bila ya swali.

Baada ya hapo na tutazame milango ambayo dawa zilipitia hata zikamfikia. Misheni zilijenga hospitali kama ile ya Kabanga na ile ya Heri. Serikali ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na katika miaka ya 1980 ukaanzishwa mpango wa kupeleka dawa muhimu mpaka katika zahanati za mbali. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzishwa kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakaenea katika mikoa mingine. Katika mwaka huohuo wa 2003 Sera ya Taifa ya Wazee ilitambua kuwa mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na utaratibu ukawekwa kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila ya malipo. Hapana hata moja katika mambo haya lililo baya. Mengi ni katika fahari za nchi. Lakini ukiyatazama kwa makini utaona kuwa milango yote hii ni ya kuingizia. Iko milango ya kuagiza dawa, ya kuzisafirisha, ya kuziuza, ya kuzigawa na ya kuzisamehe malipo. Hapana mlango hata mmoja uliojengwa kwa kazi ya kuzitoa. Nyumba yenye milango ya kuingilia tu, bila ya mlango wa kutokea, hapana budi siku moja itajaa.

Jinsi inavyojaa ni jambo la kuelezwa kwa mfano. Na tumfikirie bibi mmoja wa miaka 86 anayeishi katika kijiji cha Kasulu, asiye mtu fulani bali mfano wa wengi. Magoti yanamwuma, kama yawaumavyo wote waliolima kwa jembe la mkono miaka 60. Mjukuu anamnunulia diklofenaki dukani. Maumivu yanapungua, na furaha inaingia nyumbani. Lakini dawa hiyo ina tabia ya kuuzuia mwili usitoe chumvi na maji, na kwa hiyo shinikizo la damu hupanda. Kadhalika hulichoma tumbo. Siku ya kliniki bibi anapimwa, shinikizo linaonekana liko juu, anapewa amlodipini. Amlodipini ni dawa njema, illa moja katika tabia zake ni kuvimbisha miguu. Miguu inapovimba, mtu mwingine katika zamu nyingine anadhani ni maji ya moyo, anampa furosemidi ya kumtoa mkojo. Tumbo linaunguza, anapewa omeprazoli. Mkojo unamwamsha usiku mara nne, usingizi unakatika, analalamika, anapewa diazepamu. Sasa ni dawa 5. Usiku mmoja, akiwa na kizunguzungu cha furosemidi na usingizi wa diazepamu, anatoka kwenda chooni nje ya nyumba, anaanguka, na nyonga inavunjika. Watu wa mtaa wanakuja kumpa pole na kusema kuwa uzee ni mbaya.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo tena. Katika dawa 5 alizokuwa nazo bibi huyu, 4 ziliitwa na ile ya kwanza, moja kwa moja au kwa kupitia mwenzake. Kila dawa ilijibu dalili, na kila dalili ilikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kwamba dalili za dawa zilidhaniwa kuwa ni maradhi mapya. Ukimwuliza kila aliyehusika atajitetea, na utetezi wake utakuwa wa haki. Mjukuu alitaka bibi yake asiumie. Tabibu wa kliniki alitibu shinikizo alilolipima kwa chombo. Aliyeona uvimbe alitibu uvimbe. Hapa ndipo penye ugumu wa kimaadili wa jambo hili, maana tumezoea kufikiri kuwa palipo na dhara pana mkosaji, na kuwa tendo jema likiongezwa juu ya tendo jema huzaa wema mkubwa zaidi. Wingi wa dawa watufundisha kinyume chake. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haikusema kuwa kibaba hujaa mambo ya heri peke yake.

Elimu ya mwili yaeleza kwa nini kibaba cha mkongwe hujaa upesi kuliko cha kijana. Figo hupungua nguvu mwaka baada ya mwaka tangu mtu apitapo makamo, hata kama hana ugonjwa. Ini hupungua ukubwa, na damu ipitayo ndani yake hupungua pia. Maji ya mwili huwa machache, na sehemu ya mafuta huongezeka. Kwa sababu hiyo dawa ambayo kijana huimaliza mwilini kwa siku chache hubaki katika mwili wa mkongwe siku nyingi zaidi. Diazepamu ni mfano wake, maana hujificha katika mafuta na kutoka kidogo kidogo, na kidonge cha leo hukutana na mabaki ya cha juzi. Tena dawa hukutana zenyewe kwa zenyewe. Dawa 5 zina jozi 10 zinazoweza kukutana. Dawa 8 zina jozi 28. Dawa 10 zina jozi 45. Si kila jozi ina dhara. Lakini hapana tabibu, awe na elimu ya namna gani, awezaye kuzishika jozi 45 kichwani wakati foleni ya wagonjwa inamngoja mlangoni.

Basi ndugu wa Kasulu au wa Kibondo atanijibu kwa haki: "Maneno haya ni ya nchi zenye hospitali tele. Kwetu mzee hupata matibabu ya bure, lakini aghalabu huambiwa dawa zimekwisha, nenda kanunue dukani. Tatizo letu ni uhaba." Nakubali kuwa uhaba upo, na ni dhuluma. Lakini uhaba na wingi si maadui wasioweza kukaa nyumba moja. Mkongwe aweza kukosa dawa moja anayoihitaji na papo hapo akawa na dawa 6 asizozihitaji, na uhaba wenyewe ukawa ndio mzazi wa wingi. Dawa ikikosekana zahanati hununuliwa nyingine badala yake dukani. Mwezi ujao ile ya kwanza hupatikana, nayo ya pili bado imo katika kikapu. Zote mbili zikanywewa, kwa sababu mtu aliyezoea kukosa hathubutu kutupa. Dawa mbili zenye majina tofauti kumbe ni za kazi moja, na bahasha zake ndogo zimeandikwa kwa kalamu 1x2 na 1x3, bila ya neno la kumweleza mwenyewe ni za nini na ni za mpaka lini. Juu ya hizo huwekwa mizizi na majani ya mganga wa jadi, ambayo mkongwe hayataji hospitalini kwa kuogopa kukemewa. Kwa hiyo tabibu huongeza dawa juu ya dawa asizozijua.

Jambo jingine la nchi ile ni wingi wa mikono. Mgonjwa huanza zahanati ya kijiji, huenda kituo cha afya, hupelekwa hospitali ya wilaya au ya misheni, na ikiwa hali ni ngumu huvuka mpaka Maweni katika mji wa Kigoma, au mpaka Bugando katika mji wa Mwanza. Kila mahali huandikiwa, na kila mahali aandikaye hudhani kuwa mwenzake aliyetangulia alikuwa na sababu. Katika historia ya wakimbizi wa mkoa huu jambo hilo lilizidi: kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, na ile ya Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, watu walihama au walirejea makwao, na mtu akihama mwenye miaka mingi na maradhi mengi, vidonge husafiri naye lakini sababu za kupewa vidonge hubaki katika daftari lililoachwa nyuma. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Tena nahodha wa chombo hiki hawaonani, na kila mmoja hugeuza usukani kisha akashuka bandarini.

Sasa tumefika kwenye kiini cha swali. Kwa nini basi hapunguzi mtu? Sababu ya kwanza ni kwamba watu hawapimi kwa mizani moja tendo la kuongeza na tendo la kutoa. Tabibu akiongeza dawa na mgonjwa akafa, husemwa kuwa alijitahidi ila siku imefika. Akiondoa dawa na mgonjwa akafa, husemwa kuwa alimwua. Hukumu hii ni ya kale na iko katika moyo wa kila mtu, lakini ukiichunguza kwa akili haisimami. Mwili haujui tofauti ya dhara lililoingia kwa kuongezwa na dhara lililoingia kwa kupunguzwa. Nyonga iliyovunjika kwa diazepamu iliyoachwa bila ya kutazamwa imevunjika kweli. Kuiacha dawa iendelee nako ni tendo, na mwenye kuiacha huitoa upya kila siku ipitayo, hata kama kalamu yake haikuandika neno. Kwa hiyo natoa hoja kuwa wajibu wa kusimamisha dawa ni sawasawa na wajibu wa kuianza, na mwenye elimu ya lile la pili asiye na ujasiri wa lile la kwanza ameijua nusu ya kazi yake.

Wazo hili si geni wala si la Magharibi peke yake. Matabibu wa Kiislamu wa zamani walikuwa na mapokeo, ambayo hunasibishwa na al-Razi aliyeishi zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kwamba pale chakula kinapotosha dawa isitumiwe, na pale dawa moja inapotosha isichanganywe na nyingine. Ibn Sina naye katika kitabu chake cha Kanuni aliweka sehemu ya peke yake juu ya malezi ya mwili wa wazee. Walijua kuwa mwili wa mzee una sheria zake, na kuwa uchache katika tiba waweza kuwa daraja ya juu ya elimu.

Sababu ya pili ni mapenzi. Watoto walio Dar es Salaam au Mwanza hawawezi kumshika mama mkono usiku, wala kumwotea moto, wala kumsaga mihogo. Wanachoweza ni kutuma fedha za dawa. Kidonge kimekuwa barua yao. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kuwa kidonge hiki hakifai ni kama kumrudishia barua yake haijafunguliwa. Na wazazi nao hujua, kwa hiyo hunywa ili mtoto asihuzunike. Mapenzi haya ni ya kweli, wala siyacheki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwaweka wazee wasiojiweza miongoni mwa wachache walio na haki ya kuishi kwa jasho la wengine, na watoto hawa wanailipa haki hiyo kwa namna waijuayo. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayetuma huona kidonge kimoja chepesi; anayekinywa hubeba kichefuchefu, kinywa kikavu, safari za usiku, na chakula kilichopoteza ladha. Deni la mtoto kwa mzazi halipimwi kwa kile kilichomtoka mtoto. Hupimwa kwa kile kilichomfikia mzazi.

Hofu ya watoto yastahili jibu. Wanaogopa kuwa kupunguza ni kukata tamaa, na kuwa hospitali imeona mama yao amezeeka vya kutosha. Hofu hiyo si upuuzi, maana mkongwe akikosa dawa kwa sababu tu ni mkongwe amedhulumiwa. Tofauti ya kupunguza na kutupa hujulikana kwa alama tatu. Mwenye kutupa huondoa dawa kisha huondoka. Mwenye kupunguza huondoa dawa kisha hubaki akitazama. Mwenye kutupa huangalia umri. Mwenye kupunguza huangalia faida na dhara la kila dawa moja moja. Mwenye kutupa hamwulizi mwenyewe. Mwenye kupunguza humwuliza kwanza. Ambapo alama hizi tatu hazipo, watoto wana haki ya kukataa, na mimi nitakuwa upande wao.

Na kupunguza bila ya elimu kuna hatari yake, ambayo nchi yetu ilikwisha kuiona. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka pande zote za Afrika Mashariki walikwenda Samunge katika Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wengi walisema kuwa watu wale walitafuta miujiza. Mimi naona kuwa walitafuta pia jambo jepesi la kueleweka: walitaka kikombe kimoja mahali pa vidonge vingi, na siku moja ya kumaliza mahali pa miaka isiyo na mwisho. Uchovu ule ulikuwa wa haki. Lakini baadhi yao waliacha dawa za kisukari na za virusi vya Ukimwi, na dawa hizo haziachwi kwa matumaini. Zipo pia dawa ambazo ni lazima zipunguzwe polepole, kama zile za kifafa, baadhi ya zile za moyo, na hiyo diazepamu yenyewe ikiwa imetumiwa muda mrefu, maana kuzikata ghafula huleta balaa kubwa kuliko kuzinywa. Hospitali isiyojifunza kupunguza kwa elimu isishangae watu wakipunguza kwa imani.

Imebaki kumsikiliza mwenyewe, ambaye katika mambo haya huwa wa mwisho kuulizwa. Dawa nyingi anazopewa mkongwe si za kuondoa maumivu ya leo. Ni za kuzuia maradhi ya kesho. Ni sawa kumwambia mtu wa miaka 50 avumilie usumbufu mdogo ili apate salama ya miaka 10 mbele. Kumwambia hivyo mtu wa miaka 92 kwahitaji idhini yake, kwa kuwa ni biashara ya kubadilisha siku alizo nazo kwa siku ambazo yamkini hatazifikia. Wakongwe hawana jibu moja. Mmoja atasema nataka kuishi hata kwa taabu, nimwone kitukuu akibatizwa. Wa pili atasema nataka akili yangu iwe timamu nigawe shamba langu kabla sijafa. Wa tatu atataka kutembea mpaka kanisani au mpaka sokoni kwa miguu yake. Kila jibu laamuru dawa zake: la kwanza laweza kuongeza, la pili laamuru diazepamu iondoke, la tatu laamuru furosemidi itazamwe upya. Tabibu anajua dawa hufanya nini. Ni mkongwe peke yake ajuaye ni kwa ajili ya nini. Ikiwa tabibu hajauliza, elimu yake inafanya kazi gizani.

Hapa lipo dhara ambalo naliona kubwa kuliko nyonga iliyovunjika. Dawa za usingizi, na zile za mafua zinazoleta usingizi, huweza kumtia mkongwe usahaulifu na kumchanganya maneno. Dawa ya kisukari kama glibenklamidi, kwa mzee aliyepunguza kula, huweza kuishusha sukari hata akatetemeka na kusema yasiyoeleweka. Waliomzunguka husema ukongwe umemfika, na tangu siku hiyo hawamwiti tena katika baraza la ukoo. Shamba hugawanywa bila ya kauli yake, na ndoa hukubaliwa bila ya shauri lake. Umri umebebeshwa kosa la kidonge, na mtu amevuliwa heshima yake akiwa hai, hali akili yake ingeweza kurudi kwa kuondolewa kitu kimoja tu. Jambo hili halihesabiwi katika vitabu vya hospitali, kwa maana hospitali hazina safu ya kuandikia shauri lililopotea.

Yanayopasa kufanywa si ya gharama. Mkongwe aendapo kutibiwa na achukue kikapu chake chote, pamoja na mizizi na majani, avimwage mezani, wala asikemewe. Awepo mtu mmoja, tabibu au muuguzi wa karibu, aliye na wajibu wa kuijua jumla, hata kama wengine wanajua sehemu. Kwa kila dawa na kuulizwe: ni ya nini, ilianza lini, ingefaa ianzwe leo kama isingekuwapo? Isiyo na jibu na iondolewe, moja kwa wakati mmoja, kwa utaratibu wake, na mtu atazamwe baada ya wiki chache. Bahasha na iandikwe neno la kazi ya dawa na siku ya kuikoma. Dalili mpya ikitokea, na dawa za zamani zishukiwe kabla ya kuagizwa mpya. Muuza duka naye na ajue kuwa kumwambia mjukuu "hii haimfai bibi" ni sehemu ya biashara ya haki. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapofika vijijini kwa ukamilifu, itakuwa vema ikiwa malipo ya tabibu yatatambua nusu saa aliyoitumia kupunguza, kama yatambuavyo dakika mbili alizozitumia kuandika.

Najua kuwa wanafunzi wa utabibu watakaosoma maneno haya wamefundishwa kwa miaka mingi namna ya kuanza, na sifa katika mitihani huenda kwa anayekumbuka dawa. Na wajue kuwa siku moja, katika zahanati ya Kibondo au mahali popote, atakaa mbele yao mtu mwenye miaka 90 na bahasha 9, aliyezoea kutii. Hatawaomba wapunguze, kwa sababu hakuna aliyepata kumwambia kuwa kuna ruhusa ya kuomba. Wajibu wa kulianza neno hilo ni wa yule mwenye kalamu. Nchi iliyojenga milango mingi ya kumfikishia dawa ina deni la kumjengea mlango mmoja zaidi, ili shauri la mkongwe libaki nyumbani kwake likiwa safi, na wale walio nyuma yake waendelee kutibiwa nalo.